Sina pasi, dunia inanihusu nini? Jibu langu kwa kijana wa Musoma

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa kijana wa Musoma. Ana kibanda cha vocha na chaja za simu karibu na stendi, na anasema ananisoma tangu nilipoanza kuandika. Ujumbe wenyewe ni huu: "Dada, shikamoo. Kila mara unatuambia tujione watu wa dunia nzima. Mimi sina pasi ya kusafiria, Kiingereza changu cha kuungaunga, na mbali kabisa nilikowahi kufika ni Mwanza. Hiyo dunia inanihusu nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilianza kukujibu kwenye simu, maneno yakazidi, nikaona afadhali nikujibu hapa wengine nao wasome. Najua hauko peke yako. Wengi mnaopita hapa mna hamu ile ile niliyokuwa nayo mimi: mnataka kuonekana, mnataka kualikwa, mnataka siku moja mtu wa mbali aseme "yule namfahamu kwa kazi yake". Mimi limenitokea hilo, na halikunitokea kwa kupanda ndege. Ndege yenyewe nilipotaka kuipanda nilizuiwa mlangoni. Nitalifikia.

Nilikuwa mwanafunzi Dar es Salaam mwaka 2015, mwaka ulioanza mradi wa Ramani Huria. Kwa msioujua, ulikuwa mpango wa kuchora kata za Dar zinazofurika, ukiwakusanya Benki ya Dunia, Tume ya Sayansi na Teknolojia, Msalaba Mwekundu, na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Mlimani. Usidhani niliingia kwa kuipenda dunia. Niliingia kwa sababu nilihitaji pa kufanyia mafunzo kwa vitendo na wenzangu wote walishapata nafasi. Tulikuwa ndiyo kwanza tunafundishwa kuchora kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast. Tarehe 25 Aprili tetemeko likaipiga Nepal. Watu karibu 9,000 walikufa. Aliyekuwa anatufundisha akafunga somo lake, akafungua ukurasa wa Nepal, akasema: leo mtajifunzia hapa.

Kazi yenyewe ni rahisi hadi inatia aibu kuieleza. Eneo lililopigwa limegawanywa miraba. Unachukua mraba mmoja, inakuja picha ya satelaiti, wewe unafuatisha kwa kipanya kila paa unaloliona: kona, kona, kona, kona, funga. Bonyeza herufi Q, kuta zinanyooka. Unaenda paa linalofuata. Njia ya miguu, unaifuatisha nayo. Ukimaliza mraba unautuma, na mtu mwingine mzoefu anaupitia na kuukubali au kuurudisha. Kwa nini ifanyike? Kwa sababu gari la msaada likitoka Kathmandu linahitaji kujua njia gani inafika kijiji gani, na nyumba ziko ngapi huko ili mahema yasipungue. Vijiji vingi vya dunia havimo kwenye ramani yoyote yenye maana, na havimo kwa sababu moja tu: hakuna biashara huko ya kumlipa mchoraji. Haiti walilijua hili kwa uchungu Januari 2010. Port-au-Prince ilipoanguka, ramani ya bure ya mji ule ilikuwa karibu tupu, na watu wa kujitolea waliokaa majumbani kwao katika nchi nyingine wakaijaza mtaa kwa mtaa ndani ya wiki chache, wakichora kutoka kwenye picha zilizopigwa angani baada ya tetemeko. Waokoaji walizitumia ramani hizo.

Basi nikachora. Usiku ule bando la chuo lilikuwa na kasi, nikaendelea hadi wenzangu wakalala. Kulikuwa na kijiji kwenye mteremko, mashamba yamekatwa ngazi ngazi, na kila nyumba ina kiuanja kidogo mbele. Nikajikuta nawaza nani anaanika nini pale. Mahindi? Nguo za mtoto? Huo ndio ulikuwa mwanzo wangu, na naomba uutazame vizuri kwa sababu ushauri wangu wote umo humo. Sikuanza kwa kuwapenda Wanepali. Nilianza kwa kuwafanyia kazi, mapenzi yakaja nyuma yakinikuta nimeshachoka.

Nikarudi nyumbani mwisho wa wiki, Kigogo, kule bondeni. Nikamsimulia mama. Mama yangu hana maneno mengi ila aliyonayo yamenolewa. Akaniangalia, akasema: "Hapa maji ya Msimbazi yanaingia hadi chini ya kitanda. Wewe unachora nyumba za watu wa milimani. Hizi zetu atazichora nani?"

Sikuwa na jibu. Na mama hakuwa anatia chumvi. Desemba 2011 mto ule ulitoka kwenye njia yake, watu zaidi ya 40 wakafa jijini, na majirani zetu wengine wakahamishiwa Mabwepande hadi leo. Swali la mama ndilo swali utakaloulizwa na wewe, mdogo wangu, ukishaanza. Litatoka kwa watu wanaokupenda. Kwetu kwanza. Wenyewe tuna shida. Nilikaa nalo rohoni wiki nzima.

Jibu nililipata Tandale. Tulipelekwa kule kupita mitaani, kila kundi na mjumbe wa shina. Yeye anatangulia, sisi tunafuata na karatasi na kifaa cha GPS, anasema shina langu linaishia pale kwenye mwembe, baada ya hapo ni la mwenzangu. Tunapima mitaro: upana, kina, imeziba au inapita. Kazi chafu, na jua la Dar mnalijua. Jioni tunaingiza tulivyokusanya kwenye kompyuta. Sasa, kwenye OpenStreetMap ukibonyeza nyumba yoyote unaweza kuona ni nani aliyeichora na lini. Tandale ilikwishaanza kuchorwa tangu 2011, lakini nikaona mapaa mengi mapya yana majina nisiyoyajua kabisa. Nikafungua wasifu wa mmoja. Mstaafu, Ujerumani, anapenda kupanda milima. Mwingine mwanafunzi wa Italia. Nikaivuta ramani pole pole kuelekea Kigogo, moyo unanidunda, hadi nikafika kwetu. Paa letu lipo. Kona nne, zimenyooka. Limechorwa na mtu ambaye mama yangu hatamwona maisha yake yote.

Nilimpigia mama simu pale pale. Akanyamaza kidogo, akauliza: "Na choo wamekiona?" Walikuwa hawajakiona. Nikakichora mwenyewe.

Mnaweza kucheka, lakini mimi hapo ndipo lilipoingia. Maana kuhurumiwa nimewahi, sote tumewahi. Tunaijua ile picha ya mtoto mwenye nzi machoni. Hili lilikuwa jambo jingine. Mtu alikaa jioni kwenye kiti chake akafuatisha bati letu lenye kutu kwa uangalifu ule ule ambao mimi nilifuatisha nyumba ya kwenye mteremko, na wala hakuomba nimshukuru. Sisi wawili tulikuwa tumefanya zamu moja.

Baba yangu alikuwa mwanaTANU. Kadi yake tunayo hadi leo. Alikuwa akikariri ahadi za mwanachama hata usipomwuliza, na ya kwanza kabisa mnaifahamu: "Binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja." Utotoni niliichukulia kama maneno ya wazee, ya kusimamia wima mstarini. Nilipoanza kuchora ndipo nikamwelewa baba, kwa sababu kizazi chake hakikuishia kukariri. Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Mazimbu, pale Morogoro, shamba la zamani la mkonge lilitolewa kwa ANC, na Waafrika Kusini waliokimbia kwao wakajenga shule. Baba alikuwa akifanya kazi Morogoro siku hizo, aliwaona. Nchi maskini kabisa, sukari ya foleni, ikatoa ardhi. Undugu wao ulikuwa na hekta. Undugu wetu sisi siku hizi una nini? Una bendera kwenye picha ya wasifu kwa siku tatu. Tetemeko likitokea tunaweka mshumaa kwenye stetasi, jioni tunarudi kwenye mpira. Samahani, nimeanza kuhubiri, lakini mnajua ninachosema ni kweli.

Haya, sasa ile ndege.

Miaka ilipita, nikawa mhakiki, yaani mtu anayepitia miraba ya wengine. Nikaanza kufahamika. Nikaalikwa kwenye mkutano wa wachora ramani Ulaya, nikaongee mbele ya watu kuhusu Tandale. Waandaaji walikuwa tayari kulipa kila kitu, tiketi, malazi, chakula. Nilishona gauni la kitenge. Nikapeleka karatasi zangu ubalozini, sitaji wa nchi gani, barua ya mwaliko, barua ya mwajiri, taarifa ya benki, cheti cha kuzaliwa, hadi picha za familia. Jibu likaja la karatasi moja yenye visanduku, na kisanduku kilichowekewa alama kilisema hawajaridhika kwamba nitarudi.

Kwamba nitarudi. Mimi, ambaye mama yangu yuko Kigogo.

Hotuba yangu ilisomwa na mtu mwingine. Nikaitazama kwa simu, inakatika katika. Mtu yule aliisoma vizuri ila jina la Mtogole, mtaa wa kule Tandale, alilitamka vibaya, na watu walipiga makofi. Nimesamehe? Nikipita mbele ya jengo lile bado nageuza uso upande wa pili. Wako wanaosema yanayokupata ndiyo yanayokukomaza. Mimi sikukomazwa, niliumia. Na kwa miezi kadhaa sikuchora kitu. Nilijiambia dunia moja ni ya wenye pasi ya rangi fulani, sisi wengine ni vibarua wake.

Kilichonirudisha ni Beira, mji wa pwani ya Msumbiji. Machi 2019 kimbunga Idai kiliipiga Msumbiji, kikafurisha mto Buzi hadi picha za angani zikaonyesha ziwa pale palipokuwa na wilaya. Ujumbe ukaingia kwenye kundi letu: miraba iko wazi, wahakiki ni wachache. Nikafungua kompyuta nikiwa bado na hasira yangu. Saa mbili baadaye hasira ipo, lakini miraba imepungua. Hapo ndipo nikaelewa kitu ambacho sikukisoma popote: undugu huu hautolewi na ofisi, kwa hiyo hakuna ofisi inayoweza kuninyima. Ubalozi ulininyima safari. Haukuninyima Beira.

Nisiwe mchoyo wa kusema na mazuri. Kabla ya hapo, Agosti 2018, mkutano wa dunia wa wataalamu wa programu huria za ramani, FOSS4G, ulifanyika hapa hapa Dar, kwenye kituo cha mikutano cha Julius Nyerere. Wakaja wenyewe. Nilikaa meza moja na Mnepali, tukabishana kuanzia chai ya saa nne hadi chakula cha mchana juu ya mabati yaliyoungana: ukiona paa moja refu utachora nyumba moja au nne? Yeye anasema moja, picha ndivyo inavyoonyesha. Mimi nasema kwetu uswahilini chini ya paa hilo kuna milango minne na majiko manne, ukichora moja umewanyima watatu hema. Hatukuafikiana. Aliniudhi kwelikweli. Nikarudi nyumbani najisikia nimetoka kwenye kikao cha ukoo, maana mgeni wa heshima humbishii namna ile.

Kwa hiyo, kijana wangu wa Musoma, nikupe ushauri ulioniomba. Fanya kazi moja ya mtu usiyemjua na usiyetarajia kumjua. Kazi ndogo, yenye mwisho, ambayo ukiikosea mtu ataiona. Ukimaliza fanya nyingine. Usisubiri kwanza ujisikie raia wa dunia, hisia hiyo haiji kwa kuisubiri, inaletwa na kazi. Nimekwisha kusema hivyo hapo juu, najua, narudia kwa sababu ndilo la maana. Watu wananiomba hatua kumi. Sina kumi.

La pili, kama lazima liwepo la pili: kubali na wewe ufanyiwe. Hili kwetu ni gumu kuliko kutoa. Ukiona mgeni amechora zizi la ng'ombe akadhani ni nyumba, na watafanya hivyo, wengine hawajawahi kuona zizi, usikimbilie kumtukana kwamba wazungu wanatuchora bila kutujua. Nimesoma malalamiko hayo, mengine yana haki yake. Mrekebishe. Mwandikie: hili ni zizi, nyumba ni lile duara dogo pembeni. Watu kama hao mimi nimewarekebisha wengi, na wengi wamenishukuru, na mmoja alinikasirikia.

Nawe usidhani kwenu hakujaguswa. Hapo hapo mkoani kwako, vijiji vya Serengeti vilichorwa na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi kwa sababu ambayo wewe wa Mara huhitaji kuelezwa: msimu wa kukeketa ukifika, binti anayetoroka usiku hupiga simu kutoka kijiji ambacho hakimo kwenye ramani, na wale wa nyumba salama ya Mugumu wanahitaji kujua wapite wapi kumfuata. Wageni wale wakachora mapaa na njia. Lakini satelaiti haioni majina. Haijui kwamba watu hapo pote wanasema "kwa mzee fulani", haijui zahanati ni jengo lipi kati ya matano yenye bati la bluu, haijui daraja linalopitika kiangazi tu. Unajua wewe. Dunia unayouliza inakuhusu nini imekwisha kuja hadi Mara, imefanya nusu ya kazi, imekwamia kwenye majina.

Pasi huhitaji. Kiingereza unahitaji maneno machache, na hayo ya kwenye vitufe utayazoea ndani ya wiki. Kompyuta kama huna, kuna programu za simu za bure, StreetComplete ni mojawapo, unatembea mtaani nayo inakuuliza: barabara hii ina lami au vumbi? Duka hili linauza nini? Anza na stendi yako. Weka kibanda chako pia, sioni ubaya. Ukishazoea, hamia mbali: chukua mraba wa nchi ambayo hujawahi kuisikia kwenye redio. Na kama ramani hazikuvutii hata kidogo, nenda Wikipedia ya Kiswahili, ipo tangu 2003, ina makala fupi zisizo na mtu wa kuzimalizia. Andika juu ya mji wako au juu ya mto wa Bangladesh, vyote vinafaa. Ila usiniambie huna cha kufanya.

Utarudishiwa mraba. Mimi wa kwanza ulirudishwa na mhakiki mkali wa Ufaransa aliyeandika mistari sita kuhusu kona zangu. Soma, rekebisha, tuma tena.

Kuna na wale ambao kila nikiandika mambo haya wananitumia swali moja: "Unalipwa shilingi ngapi?" Hakuna kitu. Nimekwisha kuwajibu, msiniulize tena, na msimwulize kijana wa watu atakapoanza. Jumamosi hii mimi na wenzangu tunachora vijiji vya bonde la mto Shire kule Malawi, mto unaofurika kila baada ya miaka michache. Tunakutana Sinza kuanzia saa tatu asubuhi, walioko mikoani watajiunga kutoka walipo. Asiyejua atafundishwa. Wali maharage upo kwa watakaofika, bando kila mtu aje na lake.